Usinunue Mara 525: Mwongozo wa Darubini kwa Mtu wa Ikweta

Kijana wa nyumba ya pili, hapa Dodoma, alibisha hodi jioni moja amekumbatia sanduku kifuani. "Shikamoo mwalimu. Nimeipata!" Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha barazani. Juu ya sanduku palikuwa na picha ya Zohali kubwa kama sahani ya pilau, pete zinang'aa rangi ya dhahabu, na chini yake, kwa wino mwekundu: MARA 525. Alikuwa amedunduliza fedha mwaka mzima.

Tukaitoa mezani. Bomba jembamba lenye kioo cha milimita 76. Miguu mitatu ya bati iliyoshikwa kwa skrubu za plastiki. Lenzi tatu za kuchungulia, ndogo kama vifuniko vya chupa za dawa, na kijibomba cheusi cha kuzidisha ukuzaji mara tatu. Usiku ulipoingia tukailenga taa nyekundu iliyo juu ya mnara wa simu. Alipogusa skrubu, taa ikacheza. Upepo ulipopita, ikacheza. Shavu lake lilipogusa bomba, ikapotea. Baada ya karibu saa nzima akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mdogo wake asisikie, kama huenda macho yake ni mabovu.

Macho yake ni mazima. Mbovu ni ile namba, na ninaandika mwongozo huu ili isiingie nyumbani kwako pia.

Tuifumue kwanza tuone ilivyoshonwa. Darubini ile ina urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi mahali nuru inapokutana, wa milimita 700. Ukitaka kujua inakuza mara ngapi, unagawa urefu huo kwa fokasi ya lenzi ya kuchungulia. Lenzi fupi kuliko zote sandukuni ni ya milimita 4: 700 kwa 4 ni 175. Weka na kile kijibomba cha mara tatu, unapata 525. Hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba kioo hakina nuru ya kuibeba. Kanuni wanayoifuata watazamaji wa nyota duniani kote ni kwamba milimita moja ya upana wa kioo hubeba ukuzaji wa mara mbili, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Kioo cha milimita 76 kinaishia mara 152 hivi. Kuanzia hapo unaongeza maji kwenye mchuzi: sufuria inajaa, ladha inakwisha. Na hata kama kioo kingeweza, Dunia inazunguka. Kwa ukuzaji wa mara 525 nyota inaingia upande mmoja wa lenzi na kutokea upande wa pili kwa takriban sekunde 20, kabla bomba halijaacha kutikisika. Aliyechapa namba ile juu ya sanduku la mtoto aliijua hesabu hii. Ndiyo maana sina neno la upole kwake.

Kwa hiyo ukifika dukani, usiulize inakuza mara ngapi. Uliza kioo kina upana gani. Darubini ya kioo ni ndoo ya kukingia nuru, na ndoo pana hukinga mvua nyingi. Mboni ya jicho lako gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Kioo cha milimita 130 hukusanya nuru takriban mara 340 ya mboni hiyo, na karibu mara tatu ya kile kioo cha 76. Kwa anayeanza, 114 inatosha, 130 inapendeza, na 150 ni ya kukaa nayo miaka mingi. Ya milimita 200 ni nzuri mno, lakini bomba lake lina urefu wa mita moja na zaidi, na pamoja na kitako chake uzito unapita kilo 20. Kama unaishi ghorofa ya tatu isiyo na lifti, itakaa nyuma ya mlango kama mgeni aliyekosa kiti. Darubini bora ni ile utakayoitoa nje Jumanne usiku ukiwa umechoka.

Mtego wa pili umejificha vizuri zaidi, na umewanasa hata watu waliosoma. Ni bomba nene na fupi, urefu wake kama nusu mita, lakini pembeni limeandikwa fokasi ya milimita 1000. Katika darubini aliyoibuni Isaac Newton mwaka 1668, nuru huingia mdomoni mwa bomba, hushuka hadi kioo kilichobonyea chini, hurudi juu ikigonga kioo kidogo kilichokaa mshazari, kisha hutoka ubavuni penye jicho lako. Kwa hiyo urefu wa bomba na urefu wa fokasi hukaribiana. Bomba likiwa nusu ya namba iliyoandikwa, ujue kuna lenzi imefichwa ndani ya kishikio cha kuchungulia ili kurefusha fokasi, na kwenye darubini za bei ya chini lenzi hiyo huwa ya hovyo, tena hufanya ulinganishaji wa vioo kuwa adhabu. Nenda na futi kamba dukani. Pima. Wakikucheka, waache wacheke. Kisha uliza kama kioo ni cha umbo la parabola, kwa sababu kwenye bomba fupi na pana kioo cha umbo la tufe la kawaida hakikusanyi nuru mahali pamoja.

Sasa miguu. Hapa ndipo penye jambo ambalo miongozo ya Ulaya haitakwambia, kwa kuwa waandishi wake hawaishi hapa.

Darubini nyingi za wanaoanza huuzwa na stendi inayoitwa stendi ya ikweta. Ina vyuma vilivyopinda, uzito wa kusawazisha kama jiwe la mizani, na nyaya mbili za kuzungushia. Ukiiona unadhani ni mtambo wa maabara. Kazi yake ni hii: mhimili wake mmoja unalazwa sambamba na mhimili wa Dunia, ili ukizungusha waya mmoja tu, darubini iifuate nyota inavyosafiri. London mhimili huo unainuliwa nyuzi 51. Dodoma, tuliopo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, unatakiwa uinuliwe nyuzi 6 tu, yaani karibu ulale kabisa. Stendi nyingi za bei ya chini hazishuki hadi hapo. Ukiilazimisha ishuke, ule uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Halafu kitabu kilichomo sandukuni kinakuamuru uilenge Nyota ya Kaskazini. Huku kwetu nyota hiyo ipo chini ya upeo wa macho, na hata Nairobi, iliyo nyuzi moja tu na kidogo kusini, ipo chini. Stendi imepewa jina la ikweta, na mtu wa ikweta ndiye isiyemfaa. Iache dukani.

Chukua kitako cha Dobson. John Dobson alizaliwa Beijing mwaka 1915, akawa mtawa wa shirika la Vedanta huko San Francisco, na akiwa mtawa alianza kusaga vioo kwa mikono yake, cha kwanza kikubwa akakitengeneza kwa glasi ya dirisha la meli. Hakuwa na fedha za vyuma. Akachukua mbao, maboksi na bomba la karatasi ngumu, akatengeneza kitako kinachogeuka kulia na kushoto kama kiti cha kuzunguka, na kupanda na kushuka kama mzinga wa zamani wa ngomeni. Basi. Hakina waya, hakina uzito wa kusawazisha, hakihitaji kujua kaskazini iko wapi. Unasukuma kwa kidole, kinakaa ulipokiacha. Akazitoa darubini zake barabarani, akawa anawaita wapita njia waje watazame bure, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha watazamaji wa nyota wa kando ya barabara. Alifariki mwaka 2014 bila kudai haki ya ubunifu ule, na leo viwanda vikubwa vinauza vitako vyenye jina lake.

Yangu ni Sky-Watcher Heritage 130P: kioo cha parabola cha milimita 130, fokasi 650, kitako cha mbao cha kuweka juu ya meza. Uzito wake kilo sita na ushei. Naiweka juu ya kigoda kizito nilichochongewa na fundi seremala, nami nakaa kwenye stuli. Ilikuja na lenzi mbili, ya milimita 25 na ya 10, maana yake mara 26 na mara 65. Mwenye sanduku la mara 525 atadhani nimepunjwa. Aje atazame.

Kabla ya usiku wa kwanza, fanya kazi moja mchana. Juu ya bomba kuna kilengeo kidogo, na kilengeo kisipokubaliana na darubini utaitafuta hata Zuhura mpaka alfajiri. Chagua kitu kilicho mbali, tangi la maji mlimani au ncha ya mnara, kiweke katikati ya lenzi kubwa, kisha rekebisha kilengeo mpaka nacho kionyeshe hapohapo. Utakiona kitu hicho kimepinduka kichwa chini. Hivyo ndivyo darubini ya kioo ilivyo, na angani hakuna juu wala chini.

Na mchana huohuo, nisikilize vizuri: usiilenge Jua. Hata sekunde moja. Kioo kilekile kinachokusanya nuru ya nyota kitakusanya moto wa Jua na kuumwaga ndani ya jicho, na jicho halina maumivu ya kukuonya. Baadhi ya masanduku yana kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia ili utazame Jua. Kichujio hicho hukaa mahali joto lote linapokusanyika, na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa hapo. Kiponde kwa nyundo, kisha ukitupe, wala usimpe mtu mwingine. Kichujio salama ni kile cha utando maalumu kinachofunika mdomo wote wa bomba kwa mbele, kikiwa kizima, bila tobo wala mkunjo, na kilengeo nacho kimefunikwa. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kipete na watu wakafurika Rujewa, Mbeya, kulitazama, waliojiandaa walikuwa na miwani maalumu. Darubini inataka tahadhari kubwa kuliko hiyo, kwa sababu inakuza. Mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana.

Ikiingia jioni, toa darubini nje nusu saa kabla ya kutazama. Kioo kilichotoka chumbani chenye joto hufanya nyota ichemke kama maji ya chai. Zima taa ya baraza. Macho nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukichungulia simu mara moja tu unaanza upya. Ukihitaji mwanga, funga karatasi laini nyekundu mbele ya tochi. Anza daima na lenzi yenye namba kubwa, ile ya 25, kwa kuwa inaonyesha eneo pana. Ukishakipata kitu na kukiweka katikati, ndipo ubadilishe uweke ya 10.

Kuna neema moja tuliyopewa watu wa huku. Giza letu huingia kati ya saa moja na saa mbili usiku mwaka mzima. Mtazamaji wa London mwezi Juni anasubiri mpaka karibu usiku wa manane, na hata hapo giza halikamiliki. Mtoto wa Dodoma anaweza kutazama saa mbili usiku, akala, akalala, na kesho akawahi shule. Tena tunaziona nyota za kaskazini na za kusini pamoja. Nunua ramani ya nyota au pakua programu ya Stellarium, iwekee mji wako, maana ramani iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya itakunyima Salibu, yaani Msalaba wa Kusini, na nyota ya Suheli.

Neema hiyo ina usumbufu wake. Sayari hupita karibu na utosi wetu, na kitako cha Dobson kikielekezwa utosini hakijui kigeukie wapi, unasukuma kulia kinazunguka bure. Itazame sayari saa mbili kabla haijafika juu kabisa, au saa mbili baada ya kupita. Kuhusu majira, Dodoma anga huwa safi kuanzia Mei hadi mvua za Desemba. Nairobi miezi ya Juni hadi Agosti ina mawingu na baridi, huko Januari na Februari ndiyo miezi ya darubini. Watu wa pwani wana unyevu na chumvi ya bahari: kioo kikikaa kwenye unyevu huota ukungu, kwa hiyo hifadhi darubini mahali pakavu penye hewa, ikiwa imefunikwa kitambaa, wala usiifunge ndani ya plastiki ingali na umande.

Utaona nini? Hutaona zile picha za sandukuni. Nebula ya Jabari, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi, itakuwa kama moshi wa kijivu uliotulia kuzunguka nyota nne ndogo zilizobanana, na ukiikazia macho dakika tano moshi unaanza kuwa na mabawa. Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitazama kujua msimu, kwa macho ni nyota sita, ila kwa lenzi ya 25 zinakuwa makumi, za buluu kama zilizosafishwa usiku huohuo. Nuru hiyo ilitoka huko takriban miaka 440 iliyopita, Wareno wakiwa hawajajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Rijili Kantori, nyota angavu iliyo jirani na Salibu, kwa lenzi ya 10 inapasuka na kuwa nyota mbili. Sogea nyuzi kumi na kadhaa kutoka hapo utaikuta Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota lililo mbali miaka ya nuru 17,000 hivi: mwanzoni ni doa la unga, ukitulia doa linachanika kuwa punje. Wazungu wengi hufa hawajaiona. Sisi iko juu ya mapaa yetu.

Zohali atakuwa mdogo. Kwa mara 65 anatosha kabisa kuonekana ana pete, mkavu, mkali, kama aliyekatwa kwa wembe. Mwaka 2025 pete zilitugeuzia ukingo zikawa uzi tu, na waliotazama mwaka huo wakaona wametapeliwa. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo rudi kwake.

Nyota ikianza kuonekana kama ina mkia, vioo vimehama. Usiogope skrubu tatu zilizo nyuma ya bomba. Weka nyota katikati ya lenzi, itoe kwenye fokasi mpaka iwe duara lenye kivuli cheusi ndani yake. Kivuli kikiwa upande mmoja, zungusha skrubu moja robo mzunguko, rudisha nyota katikati, angalia, endelea mpaka kivuli kikae katikati. Dakika kumi. Vumbi la kioo liache. Nimeona kioo kilichopanguswa kwa kanga yenye sabuni, mikwaruzo imekaa kama njia za mbuzi, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Yule kijana hakuirudisha darubini yake, duka lilimkatalia. Basi tukaiokoa. Kijibomba cha mara tatu na lenzi ya milimita 4 vikaingia kabatini moja kwa moja. Miguu tukaikunja yote mpaka kimo cha chini, tukaning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo tano katikati yake. Tukatumia lenzi ya milimita 20: mara 35. Tukamlenga Mshtarii. Miezi minne iko palepale, imepangana mstari mmoja, ileile aliyoigundua Galileo Januari 1610 kwa darubini ya mara 20 hivi. Kijana alikaa kimya. Baada ya saa mbili akatazama tena, mmoja umesogea. Mwezi wa ndani kuliko yote minne, Io, humaliza mzunguko wake chini ya siku mbili, kwa hiyo ukivumilia utauona ukitembea usiku huohuo.

Jioni iliyofuata alimleta bibi yake. Tukamwekea kiti mbele ya ile yangu ya 130, Mwezi ukiwa nusu. Bibi akafunga jicho moja kwa kiganja, akainama. Penye mpaka wa mwanga na kiza vilele vya milima vilikuwa vimeshika jua, na vivuli vyake virefu vimelala ndani ya mashimo. Akanyamaza muda mrefu mpaka watoto waliopanga foleni wakaanza kusukumana.

"Kumbe ni nchi," akasema, bila kuondoa jicho.

Mwezi mzima usikuvutie. Ukiwa mviringo hauna vivuli, unaumiza macho na milima inapotea. Utazame siku ya sita hadi ya tisa tangu kuandama, ambapo saa moja jioni unakuwa tayari juu. Toa darubini nje siku hizo, na mwite jirani.